Koti la Kocha Loomis

Mke wangu Ardith alifua jezi za chuo chetu miaka thelathini na minane, chini ya makocha wakuu watano wa mpira wa kikapu. Picha zao zipo ukutani pale ukumbini. Mimi nilikuwa mtu wa boila, mtambo wa kupasha jengo joto, kule chini, nikizipita kila asubuhi.

Kesterson alikuwa wa kwanza, mtu wa makelele. Wa pili misimu miwili tu. Wa tatu ni Loomis. Waliofuata sina neno nao.

Nyumbani Ardith hakuwa mcheshi. Kule kwenye chumba cha kufulia alicheka, na kicheko kilinifikia kupitia mabomba. Loomis alipenda kwenda kumwuliza nani anajituma na nani anazembea. Alisema Ardith anajua kwa jasho la jezi. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu kuhusu boila.

Msimu wake wa sita walishinda michezo kumi na tisa mfululizo. Hapa Indiana timu ikiwa inashinda, nguo ya kocha haifuliwi, bahati isije ikatoka, hata inuke. Loomis alikuwa na koti la sufu la miraba. Mke hakuwa naye, basi koti lilikaa kule kufulia kwa Ardith, kwenye msumari. Jumamosi moja nikamkuta ameliinua hadi usoni. Alikuwa anakata uzi wa kifungo kwa meno. Najua alikuwa anakata uzi.

Alipotoka kwenda kula, nikalitia kwenye mashine. Maji ya moto.

Likatoka dogo, la mtoto wa miaka saba. Jioni ile wakafungwa kwa pointi moja na timu ya mkiani. Wakafungwa tena, na tena. Mwisho wa msimu chuo kikamwachisha Loomis kazi.

Mji mzima ukamtafuta aliyefua. Kinyozi alisema mtu huyo ahamishiwe Ohio, jimbo jirani, akawafulie wapinzani wetu. Ardith akasema ni yeye, alisahau. Walimnunia mwaka mzima. Kwenye chakula cha kanisa bakuli lake la kuku na tambi lilirudi kama lilivyokwenda. Nililila mimi. Hakuniuliza kitu, wala sikujua kama anajua.

Amefariki Machi hii.

Loomis alikuja mazikoni na fimbo yake. Baadaye, kwenye ukumbi wa kanisa, nikamfuata. Sikutaka kubaki na jambo lile peke yangu.

"Kocha, lile koti nilifua mimi."

Akaendelea kutafuna. "Najua, Hobart. Ardith aliniambia siku ile ile."

"Alikwambia nini?"

"Nisikuseme. Alisema, 'Mzee wangu ana wivu kama jogoo. Akijua nimejua, atahamia kwenye boila.'" Akafuta mdomo. "Kazi yangu ilikuwa inakwenda na maji, na bado tulicheka, we acha tu."

Miaka thelathini na mmoja walikuwa na siri, wao wawili, na siri yenyewe ni mimi.

Nikamwuliza kama Ardith alicheka kwa sauti.

"Kwa sauti. Mpaka akashika beseni asianguke."

Wivu ukanipanda upya, pale pale, mbele ya sahani za watu. Nilitaka kumnyang'anya ile fimbo. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia anisimulie tena, polepole, tangu alipoingia mlangoni kwa Ardith siku ile.