Mbegu Nilizozisingizia

Nakumbuka Jumapili moja kule Roseville, mji wa nchi hii ya ugenini tuliyohamia, katika ukumbi wa kanisa letu, ambapo swali la mwanamke mmoja lilinivua nguo mbele ya nafsi yangu. Mwanangu, nilikuwa kijana, nimesomea kilimo kwetu Kitale, na nilijiona naujua udongo wote alioumba Mungu.

Masika hayo Mama Nsimire, mkimbizi kutoka Kongo, alikuwa amenikabidhi nusu ya maharagwe ya marehemu mama yake, aliyoyavusha mipaka ndani ya pindo la kitenge. Alinisihi ningoje joto. Mimi nikaona mvua ya Aprili, nikapanda kama tunavyopanda kwetu. Jalidi, ule umande unaoganda kwa baridi ya usiku, ikashuka, miche yote ikawa myeusi. Aliponiuliza nikamjibu, "Mbegu zako zilikuwa zimeoza, Mama." Hakubisha. Si mimi ndiye msomi?

Basi Jumapili hiyo niliwafundisha vijana habari za mmoja wa marais wa mwanzo wa nchi hii, mpenda kilimo. Nikasifu plau aliyoibuni ipindue udongo kwa wepesi, na jinsi alivyojaza mifuko ya koti mpunga wa ugenini ili wakulima wa kwao wapate mbegu. Waliolima shamba lake walikuwa watumwa, na hilo tusilifunike. Kwa miaka mingi, nikasema, aliandika daftarini kila alichopanda.

Mama Nsimire akauliza kutoka nyuma, "Na zenye zilikufa, aliandika pia?"

"Aliandika, Mama. Kwa mkono wake."

"Ee! Mkubwa hivyo, na hakusema ni makosa ya mbegu?"

Vijana wakacheka. Mimi nikafunga somo hapohapo.

Baada ya ibada nilimfuata jikoni nikakiri kwamba mbegu hazikuwa na kosa, haraka yangu ndiyo iliyoziua. Akaacha kuosha vikombe.

"Kijana yangu, ile nusu ingine niliitupa. Wewe ulisema imeoza."

Akanipa kitambaa nivikaushe.

Alinisamehe baadaye, namshukuru Mungu. Lakini maharagwe yale sijayaona tena popote, na mvua ya Aprili ikinyesha, hata leo uso wangu huinama.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwenzako hajatupa kilichobaki kwa kukuamini. Bwana akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na kila mbegu utakayokabidhiwa aioteshe mkononi mwako.