Maranda ya Simbilisi kwenye Shamba la Ukweni

Asifiwe Mungu aliyetupa milima hii na mvua yake, akanifikisha uzeeni nikiwa bado naweza kushika jembe.

Nakumbuka masika ya mwaka nilipomwoa Agata. Kwetu Uluguru, mwanangu, ardhi hupita kwa akina mama, kwa hiyo mimi nililima ukweni. Mjomba wa mke wangu, Mzee Deo, alinipa kipande kimoja cha mlimani kwa msimu mmoja tu, anitazame. Nikilima vizuri, kingekuwa chetu cha kulelea watoto. Nikikiharibu, angempa mkwe mwingine, na alikuwapo mwingine, tena hodari.

Agata alifuga simbilisi sita, wale wanyama wadogo wasio na mkia, si wa kuliwa bali wa kupendwa tu. Kila mmoja alikuwa na jina lake. Waliishi kwenye sanduku jikoni, juu ya maranda aliyoomba kwa seremala. Kila Jumamosi aliyatoa yaliyolowa mkojo, akayaweka nyuma ya nyumba. Mimi nikaona mali inalala bure. Nikayabeba yote, mabichi vilevile, nikaenda kuyafukia chini ya miche ya kabichi.

"Yaache yaoze kwanza," Agata aliniambia.

"Samadi ni samadi. Au unawaonea huruma panya wako?"

"Si panya. Na wewe si mkulima bado."

Nilicheka. Wiki mbili baadaye sikucheka. Miche ilidumaa, majani yakawa ya manjano.

Jumapili, baada ya Misa, Mzee Deo akaja. Nilimwamkia, na kabla hajauliza lolote nikasema, "Mjomba, mwenye duka ameniuzia mbegu mbaya."

Mzee aliinama, akachimba kwa kidole kando ya mche, akatoa maranda, akayanusa.

"Mkwe," akasema, "mbegu zako hukojoa?"

Agata aligeuka akatazama bondeni, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Mimi nilitamani ardhi inifiche. Nikamweleza mzee ukweli wote.

"Kabichi nimekusamehe," alisema. "Maranda mabichi huunyang'anya udongo chakula ili yenyewe yaoze. Hukujua. Lakini mwenye duka umemsingizia, na asubuhi hii umepokea Komunyo. Habari ya shamba sisemi leo. Kamwombe Mungu msamaha, halafu urundike."

Nikarundika: maranda, nyasi mbichi, maganda ya jikoni, maji kidogo, na juu yake majani ya migomba. Kila wiki niligeuza, mgongo ukiniuma, nikisali kimoyomoyo, maana yule mkwe hodari alianza kupita kwetu kunisalimia mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima.

Vuli ilipokaribia, Mzee Deo akarudi. Akatia mkono ndani ya rundo hadi kwenye kiwiko. Lilikuwa jeusi, linanukia kama udongo wa msituni. Akachota kiganja kimoja, akanusa.

"Panda," akasema. "Na mwakani pia."

Kipande hicho ndicho kilichotulelea watoto wetu, na hadi leo nakilima, namshukuru Mungu.

Mwanangu, ukifuga simbilisi au sungura, usiyatupe maranda yao, wala usiyapeleke bustanini mabichi. Chukua ya wanyama wenye afya, yachanganye na majani mabichi, yageuze, uyasubiri mpaka harufu ya mkojo iishe kabisa. Maranda huchelewa kuoza, usiyaharakishe. Ukimaliza, nawa mikono. Akikuonya anayejua, hata kama ni mke uliyemwoa juzi, msikilize. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Usimtafutie mtu mwingine wa kubeba kosa lako. Mimi ningeweza kukosa shamba, na wakwe zangu wangekuwa na haki.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akuletee mvua kwa wakati wake, na nyumbani mwako asikosekane mtu wa kukuambia ukweli huku anakupenda. Amina.