Siku Mchungaji Alipofumba Macho Upesi

Simu ililia wakati nachambua mchicha. Lilikuwa kundi la WhatsApp la vijana wa kanisa letu hapa Mwembesongo. Mimi ndiye mlezi wao, na kwa kawaida huwa ni picha za mazoezi ya kwaya na utani usiokwisha. Safari hii ulikuwa mstari mmoja mdogo wa kijivu, hauna picha wala salamu: mwenyekiti amemwondoa binti mmoja kwenye kundi. Basi. Muda si muda mtu akaweka kidole gumba, na mwingine akauliza kama vitenge vya sare vimeshafika.

Sote tulijua sababu. Binti yule, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikuwa mjamzito na hana mume, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Mwenyekiti si kijana mbaya. Anasoma Mzumbe, anafunga na kuomba kweli, na aliponipigia alinieleza kwa adabu zote. “Mama mlezi, siyo kwamba tunamchukia. Tunalinda ushuhuda wetu tu.” Nikamwambia nimesikia. Nikabaki na mchicha mkononi, na mawazo yangu yakapanda mlimani yenyewe.

Nimelelewa na bibi, mama yake mama, kwenye mteremko juu ya Mlali. Kama umewahi kuishi pande zile unajua asubuhi zake: ukungu umekaa hadi mlangoni, kuku wanasikika lakini hawaonekani, na moshi wa jikoni hauna haraka ya kupanda. Jumapili kwetu ilianza Jumamosi jioni. Bibi alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na vitambaa vya madhabahu alivifua yeye. Alivipiga wanga wa muhogo, akavinyoosha kwa pasi ya mkaa, na nyumba nzima ikanuka wanga uliopata moto. Ole wako upite karibu na mikono yenye masizi. Mimi nilijua ukali wa bibi kabla sijajua ukali wa mwalimu yeyote wa shule.

Asubuhi tulikula magimbi ya kuchemsha na chai ya mchaichai, tukajipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa. Kisha huko bondeni ikagongwa rimu ya gari iliyoning'inizwa nje ya kanisa, ndiyo kengele yetu. Na kabla haijanyamaza, ungesikia sauti nyingine ikishuka kutoka juu, sauti ya kike inayoimba. Huyo alikuwa mwalimu wetu wa shule ya Jumapili. Alikuwa msichana tu, nadhani hakuwa amefika hata miaka ishirini, siku za kazi akilima njegere na baba yake. Jumapili alianzia nyumba za juu kabisa na kushuka nazo moja moja, akikusanya watoto njiani, kila mlango ukimtolea wawili watatu.

Njia ile ilikuwa na kijito, na daraja lake lilikuwa magogo yenye utelezi. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na sheria yake. Yeye mbele, anayemfuata ni mtoto mdogo kuliko wote, na kila mtu ameshika mkono wa mwenzake hadi kwa mkubwa kuliko wote aliye nyuma. Huyo wa nyuma aliitwa mkia, na mkia nilikuwa mimi. “Nikisimama, mnasimama,” alituambia kila Jumapili kabla ya kijito. “Nikienda, mnakuja. Na hakuna kuachia mkono mpaka niseme.” Tulivuka hivyo masika na kiangazi, na simkumbuki mtoto aliyewahi kudondoka. Mkia alikuwa na bahati yake pia: mkono wake mmoja ulikuwa wazi, nami niliutumia kuchuma stroberi kwenye mashamba ya watu.

Masika moja sauti ile haikushuka. Bibi akaniambia nishike watoto mwenyewe niende nao, na maneno hayo aliyaelekeza kwenye sufuria, si kwangu. Nilielewa taratibu, kwa kuunga vipande vya maneno ya watu wazima jikoni. Mwalimu alikuwa na mimba. Mwanamume alikuwa dereva wa fuso lililobeba mboga za kwenda Dar, na tangu habari zifike kwake fuso lile likawa linapitia njia nyingine.

Kanisani alitengwa. Sijui kwenu, ila kwetu aliyeanguka hadharani hakufukuzwa. Alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, haimbi, hafundishi, hashiriki meza ya Bwana. Alikaa hapo mpaka Jumapili ambayo mchungaji angemwita jina, naye angetoka mbele ya watu wote, akiri, aombewe, kisha wazee wa kanisa wampe mkono. Hiyo iliitwa kurudi kundini. Asiporudi, mtoto wake naye habatizwi.

Mtoto alizaliwa, wa kiume, na alizaliwa na kifua. Usiku kikohozi chake kilisikika hadi kwetu. Mchungaji alikuwa anapanda kutoka mjini kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, na kila alipokuja jina la mwalimu lilitajwa, na mwalimu alitazama sakafu asinyanyuke. Watu wakasema ana kiburi. Wakasema mtoto atakufa bila ubatizo na itakuwa shauri yake. Mimi leo nadhani ilikuwa ule mwendo tu. Kutoka benchi la nyuma hadi madhabahuni palikuwa karibu, lakini huku na huku palijaa macho, na mlango wa kutokea ulikuwa karibu zaidi.

Na aliyesema kuliko wote alikuwa bibi yangu. Naona vibaya kuliandika, maana nilimpenda na bado nampenda. Yeye ndiye aliyemfundisha mwalimu kupika wanga. Alikuwa ameshaanza kumwachia vitambaa vya madhabahu avinyooshe mwenyewe, na kwa bibi hilo halikuwa jambo dogo. Nadhani alikasirika kama anavyokasirika mtu aliyetegemea. Kwenye kikao cha akina mama alisema yule binti, hata akirudi, watoto wasirudishwe kwake. Na walipokutana njiani, mwalimu akapiga goti, “Shikamoo mama,” bibi alipita. Hakuitikia. Wewe unajua uzito wake. Kwetu hata mtu mnayegombania mpaka wa shamba ukimwamkia ataitikia, japo kwa kununa.

Ikaja Jumapili moja ya baridi, mahindi yameshavunwa. Sisi watoto tulifundishwa nje, kwenye magogo nyuma ya kanisa, na mke wa mwinjilisti ambaye alisinzia akitufundisha. Ilipokaribia mwisho wa ibada ilikuwa desturi tuingie ndani kupokea baraka, na mlango wetu ulikuwa ule wa nyuma. Siku hiyo tuliingia na kumkuta mwalimu amesimama.

Jina lake lilikuwa limeshaitwa. Hata wenye kukohoa walikuwa wamezuia. Alikuwa amesimama kwenye kijia kati ya mabenchi, mtoto mgongoni, kanga imekaza, na hakuwa akienda mbele wala kurudi. Uso alikuwa ameugeuzia mlangoni, kwetu. Nimeuona uso ule tena mara chache maishani, kwa watu walioshika kitasa cha mlango, tayari kuondoka.

Sisi tulijua jambo moja tu: mwalimu akisimama hivyo, mstari unapangwa. Mdogo wetu kuliko wote, kabinti kenye meno ya mbele yaliyong'oka, kakaenda moja kwa moja kakamshika mkono. Mwingine akashika wa yule, na mwingine, na mwingine. Hakuna aliyeambiwa. Nami nikajikuta nyuma, mahali pangu, nimeshika mkono wa aliyenitangulia.

Mwalimu alitutazama. Kisha akageuka, akaanza kutembea, nasi tukaenda.

Mzee mmoja wa kanisa alinyanyuka atufukuze kama kuku, mchungaji akamzuia kwa kiganja. Tulipofika mbele akainama, miwani ikimteleza puani, bado ina vumbi la pikipiki. “Na ninyi mnataka nini?”

“Tumekuja na mwalimu,” kakasema kale kabinti.

Mvulana mmoja aliyekuwa katikati alidhani ameulizwa dhambi zake. Akakiri kwa sauti kwamba stroberi za mwinjilisti amekula yeye, lakini siyo zote. Kanisa likaangua kicheko, na mimi nikaficha kucha zangu. Katikati ya kicheko nikasikia sauti niliyoijua, ya kanga ikikazwa kwa hasira. Bibi alikuwa ametoka kwenye benchi la mbele. Hakuwa anakuja kwa mwalimu. Alikuwa anakuja kumtoa mjukuu wake kwenye foleni ya waliotengwa, na uso wake ulikuwa umeshaniambia kitakachonipata nyumbani.

Aliushika mkono wangu ule uliokuwa wazi. Akauvuta.

“Tuombe,” akasema mchungaji, na hapo hapo akafumba macho.

Kwetu likisemwa neno hilo kila mtu husimama pale pale lilipomkuta, hata kama ulikuwa unapiga chafya. Na bibi, kiongozi wa akina mama, asingethubutu kutembea mchungaji akiomba. Niliinua jicho moja. Alikuwa amesimama mwisho wa mstari, amenishika mkono, amefumba macho kwa nguvu kama mtu aliyepakwa pilipili. Na mchungaji hakuwa na haraka. Alimshukuru Mungu kwa “hawa wote wanaosimama mbele yako.” Alisema wote wamepotea njia, kila mmoja kwa namna anayoijua mwenyewe, na wote leo wamerudi nyumbani. Kila aliposema wote, nilihisi vidole vya bibi vinaruka.

Baada ya amina wazee wakaja kutoa mikono. Walimpa mwalimu, wakampa kila mtoto, na wakafika mwisho. Wangefanyaje? Walimpa mkono bibi pia. “Karibu kundini, mama,” akasema yule mzee aliyetaka kutufukuza, na hata leo sijui kama alitania. Kisha mwalimu mwenyewe akaanza kupita akitushika mkono, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa bibi. Akapiga goti na mtoto mgongoni.

“Shikamoo mama.”

Bibi alitazama madhabahu, vitambaa vyake mwenyewe, vyeupe, vimenyooka.

“Marahaba,” akasema. Sauti ilimtoka ikiwa na mikwaruzo. “Mfunike mtoto, unamwachia kifua wazi na baridi hii.” Akavua mtandio wake, akamfunika mwenyewe.

Sikupigwa siku ile. Bibi alimenya magimbi kama anayemenya adui, akaongea peke yake Kiluguru mpaka maji yakachemka, kisha akasema kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri: “Mchungaji leo kafumba macho upesi mno.” Hakuongeza. Lakini mwezi uliofuata, mchungaji alipopanda tena, mtoto alibatizwa, na aliyembeba hadi kwenye maji ni bibi. Na sauti iliposhuka tena mlimani, alikuwa mlangoni na magimbi ya kuchoma, moto moto, ameyafunga kwenye jani la mgomba kwa ajili ya mwalimu. Sitakudanganya kwamba wote walifurahi. Nyumba mbili hazikuleta watoto tena. Bibi naye alipokuwa mzee sana, amesahau majina yetu sote, bado alikuwa akisema mchungaji yule alifumba macho upesi, na kila akisema alicheka.

Kanisa lile la udongo halipo. Nilipita mwaka jana, pamejengwa la tofali zuri, viti vya plastiki, spika kubwa. Kijito kimewekewa kalavati na watoto wanavuka wakikimbia, hawahitaji mkono wa mtu. Benchi la nyuma pia halipo, na sitalililia, lilikuwa benchi la mateso. Lakini nikiwa na mchicha wangu nilijiuliza jambo lililoniuma. Benchi lile, pamoja na ubaya wake, lilikuwa ndani ya kanisa. Kila Jumapili tulimwona aliyekaa pale, na kulikuwa na siku ya kuitwa jina. Huyu binti wetu ameondolewa kwa kidole, kwenye simu, na hakuna siku iliyopangwa ya kumrudisha. Tumeacha kuwatenga watu mbele ya macho, tukaanza kuwafuta.

Jumapili nikaenda kwao asubuhi mapema. Mama yake alikuwa anakaanga vitumbua, akanionyesha chumba kwa kidevu. Binti alikuwa amekaa kitandani, amevaa, viatu mkononi.

“Watasema, mama mlezi.”

“Watasema,” nikakubali. “Vaa viatu.”

Tulitembea tumeshikana mikono kupita maduka yanayofunguliwa, na nilikwenda polepole makusudi. Naijua ratiba ya ibada yetu. Tulifika mlangoni watu wameshasimama, na mwenyekiti akatuona. Akaja haraka, suti imemkaa vizuri, na uso wake niliujua, nilikuwa nimeuona zamani ukitoka benchi la mbele.

“Shikamoo mama mlezi. Samahani, naomba tuongee kidogo pembeni.”

“Marahaba, mwanangu,” nikasema, na nikampa ule mkono wangu uliokuwa wazi. Akaupokea, maana amelelewa vizuri, na mkono wa mama haukataliwi. Sikuuachia.

“Tuombe,” ikasema spika.

Nikafumba macho upesi.