Buna ya Krismasi Kiwanjani

Mimi husema Isiolo ni jiji, na anayebisha aje tubishane. Tuna uwanja wa ndege. Tuna lami inayotoka Nairobi, inapita katikati yetu bila kupunguza mwendo na kwenda zake hadi Moyale. Tuna ghorofa za kutosha kumvunja mtu shingo kwa kutazama juu. Nyumba yangu iko mtaa wa Kiwanjani, na ndege ikitua, jambo linalotokea mara chache kama mvua ya huku, sufuria za mke wangu husalimiana ukutani. Sasa niambie jiji lina nini kingine.

Kwa hiyo rafiki yangu aliponipigia simu kutoka Merti, mbali huko nyikani, kusema anakuja na mama yake kukaa nasi sikukuu yote ya Krismasi, nilifurahi kama mtu aliyeambiwa rais anapitia kwake kunywa chai. Rafiki huyu tulisoma naye masomo ya jioni tukiwa watu wazima wenye ndevu. Mchana yeye aliuza mbuzi sokoni, mimi nikapakia mawe kwenye malori, na jioni tukajibana kwenye dawati moja lililotengenezewa watoto wa darasa la pili, magoti yakigonga masikio. Tulifaulu. Mimi nilifaulu kwa akili, yeye kwa kukaa karibu nami, ingawa yeye husimulia kinyume.

"Lakini si matembezi," akaniambia kwenye simu. "Ni macho ya Mama."

Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari angempasua hapa Isiolo mara tu sikukuu zikiisha, na kwa kuwa magari ya Merti hayaaminiki wakati wa Krismasi, ilibidi waje mapema wangojee. Shida ni kwamba alikuwa ameletwa mjini mara mbili tayari, na mara zote mbili akapanda gari la kurudi kabla ya kumwona daktari, akisema mji si mahali pa mtu kulala.

"Akirudi tena, hatakubali kuletwa," rafiki yangu akasema. "Na daktari anasema jicho la kushoto halitangoja. Kazi yako wewe ni moja tu, msomi. Akae."

Nikamwambia kama kuna mtu aliyeumbwa kwa kazi hiyo, ni mimi.

Walipofika, nikaona dawa ya kumfanya mtu akae mjini ni kumwonyesha mji. Nikashika ncha ya fimbo yake, mwanawe akamshika mkono, tukaanza ziara.

"Mama, hapa ndipo uwanja wa ndege."

"Ndege iko?"

"Leo haiko."

"Basi ni uwanja."

Tukaenda mbele. "Na hii hapa, Mama, ni ghorofa. Ukipanda juu unaona Mlima Kenya, unaona na watu wanaopanda mlima wenyewe."

Akainua uso upande niliokuwa nikimwonyesha. "Mimi naona moshi mkubwa," akasema. "Na hapo kando yake, moshi ndogo."

"Hiyo ndogo ni mimi, Mama," mwanawe akasema.

Nilikuwa nimeitangaza Isiolo kwa sauti ya mnadani, na sikuwa nimefikiria hata kidogo maana ya kumtembeza jijini mtu anayeona moshi. Kwake mji wetu ulikuwa honi, bodaboda, na watu wanaompita bila kumjulia hali. Tuliporudi nyumbani alikaa kwenye kiti karibu na mlango, fimbo mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Siku ya Krismasi tulijitahidi. Mzee jirani yetu, Mwislamu, alituchinjia mbuzi kama anavyotuchinjia kila mwaka, ili pasiwe na mgeni wa kuiogopa sahani ya nyumba yetu. Mke wangu akapika pilau, na chapati alizozipanga zikakaribia kugusa dari. Mama akala kidogo, akashukuru sana, akanywa chai nusu kikombe akakiweka chini. Kisha akamwambia mwanawe maneno kwa Kiborana, na rafiki yangu akaacha kutafuna.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anauliza gari la Merti linaondoka saa ngapi kesho."

Mke wangu akauliza kama ni chakula. Mama akamjibu mwenyewe.

"Chakula yako ni tamu, binti yangu. Nyinyi watu wazuri. Lakini tangu nikuje, hii nyumba haijapika buna. Mimi nimekaa kama mtu iko stendi."

Buna ni kahawa ya Waborana, lakini ukifikiria kikombe cheusi cha hotelini umepotea. Ni kahawa nzima na ganda lake, inakaangwa kwa samli, halafu inamiminiwa maziwa na sukari. Watu wanatafuna punje, wanajipaka ile samli usoni, na mwenye nyumba anaombewa dua. Isipopikwa buna, kwa mama yule, mgeni bado hajafika.

"Wewe unajua kuipika?" nikamnong'oneza rafiki yangu.

"Mimi najua kuinywa."

Hapo ndipo nilipojitosa. Mimi ni Mmeru. Nimezaliwa kati ya mibuni, na nadhani nilianza kuchuma kahawa kabla sijaota meno. Sisi kahawa tunaichuma, tunaipeleka kiwandani, kisha tunarudi nyumbani kunywa chai. Zile punje zilizokaukia mtini, ambazo kiwanda kinazikunjia uso, tunaziita mbuni, na mjomba wangu alinipa mkebe mzima wa mbuni ambao kwa muda mrefu ulikuwa ukizuia mlango wa chumbani usipigwe na upepo. Nikauchukua ule mkebe, nikamwambia mke wangu atoke jikoni amwachie mwenye kahawa yake.

Nikachemsha samli hadi ikawa inaimba. Nikamwaga mbuni.

Kwa muda kidogo kila kitu kilikwenda vizuri, na nilishaanza kupanga hotuba. Halafu punje moja ikapasuka, paa. Ikafuata ya pili. Kisha sufuria nzima ikaamka kwa pamoja. Punje ziliruka juu ya kabati, zikapiga mabati, moja ikatoka dirishani na mpaka leo sina uhakika kama imetua. Samli ilinirukia mkono nikajificha nyuma ya mfuniko wa sufuria kama askari mwenye ngao.

Sebuleni sauti ya Mama ikauliza, "Nani anapiga bunduki?"

"Ni huyu msomi, Mama," rafiki yangu akajibu. "Anakupikia buna."

Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu wafike. Mama alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akaja jikoni akipapasa ukuta, bado anacheka, akasimama mlangoni.

"Uliuma?"

"Niliuma nini, Mama?"

"Buna. Kila moja, hapa kwa kichwa. Usipouma, samli haina mlango ya kuingia. Inakasirika."

Akaagiza sinia. Akaagiza tukae chini, mimi, mke wangu na mwanawe. "Mimi meno yangu imeisha," akasema. "Yenu iko kazi gani?" Tukaanza kung'ata mbuni moja moja, uchungu wake ukitukunja nyuso, naye akizipokea na kuzipitisha chini ya kidole gumba. Nyingine alinirudishia.

"Hii umebusu tu, kijana ya Meru. Uma."

Sufuria ilipopanda motoni mara ya pili, yeye ndiye aliyesimama karibu nayo. Hakukuwa na mlipuko. Kulikuwa na harufu, na harufu ile ilivuka ua. Muda si muda tukasikia mlangoni, "Salaam aleikum," wakaingia akina mama watatu wa Kiborana wa ploti ya pili, majirani ambao kwa miaka yote tulikuwa tunapungiana mikono tu. Walikuja kuuliza nani Kiwanjani anapika buna siku ya Krismasi. Mama akawakaribisha, ndani ya nyumba yangu, kama amenunua nyumba. Mmoja wao alizaliwa Merti. Wakaulizana habari za ngamia, za kisima, za watu waliooa na waliokataa kuoa. Mama akaombea nyumba, akaombea daktari, akanipaka samli kwenye paji la uso hadi nikang'aa kama taa ya gari.

Asubuhi gari la Merti likapita barabarani likipiga honi kuita abiria. Rafiki yangu alikuwa ameshika kikombe. Hakukiinua wala hakukiweka chini. Mama akageuza uso upande wa ile sauti, akaisikiliza mpaka ikaishia mbali.

"Ule mkebe uko wapi?" akauliza. "Wale wanawake watakuja."

Alikaa. Siku ya hospitali aliamka kabla yetu sote, akawa anagonga milango kwa fimbo. Wakampasua jicho la kushoto, na kesho yake nesi akatoa bandeji mimi na rafiki yangu tukiwa tumesimama mbele ya kitanda. Mama alipepesa jicho. Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, akamgusa ndevu, akamwambia ana mvi. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama toka kichwani mpaka viatuni.

"Ni wewe yule wa ghorofa?"

"Ni mimi, Mama."

"Nilidhani wewe ni mrefu."

Tulipotoka nje alisimama kwenye lango la hospitali, akatazama huku, akatazama kule: maduka, punda wa maji, bodaboda, vumbi.

"Na jiji iko wapi?"

Rafiki yangu alilazimika kuushikilia ukuta kwa kicheko. Mimi nikamwambia Mama jiji ni hilo hilo, asubiri jicho la pili. Akafikiri kidogo, akanipa ncha ya fimbo yake ingawa hakuihitaji tena, na njia nzima ya kurudi Kiwanjani alikuwa akinihesabia mbuni iliyobaki kwenye mkebe, akisema haitafika hilo jicho la pili, nimpigie simu mjomba.