Tabu Ni Nani Humu Ndani

Nilikuwa nikiitwa, siitiki mpaka nimwone anayeniita. Ndivyo nilivyolelewa. Majirani zangu hapa Songea wamenisema miaka na miaka: yule mama ana maringo, yule mama kiziwi, ukimwita kutoka barabarani anakukodolea macho tu mpaka ufike mlangoni. Waseme. Hata simu nilikuwa siipokei kama sijui inatoka kwa nani, na binti yangu akinicheka: mzimu gani huyo, Mama, mwenye vocha?

Jina langu ni Tabu. Nitalitaja hilo moja tu, maana bila hilo sina ninachoweza kusimulia.

Wa kwanza kuitwa hivyo katika ukoo wetu alikuwa dada yake babu. Alizaliwa porini, watu wamekimbia vita vya Majimaji, mama yake hana hata kitambaa cha kumfunika. Sijui kama siku hiyo walilitamka kwa Kingoni au kwa Kiswahili. Lilipotufikia sisi lilikuwa Tabu, na maana yake haihitaji mwalimu. Alipokufa, akazaliwa dada yake baba, akalirithi. Naye alipokufa, nikazaliwa mimi.

Kwetu jina hilo halichaguliwi. Kichanga akilia bila kukoma na kukataa ziwa, watu wazima wanajua kuna marehemu anadai jina lake. Basi wanakaa, wanawataja wafu wa ukoo mmoja mmoja, huku mama anamwekea mtoto ziwa mdomoni. Atakaponyamaza na kunyonya, jina ni hilo.

Shangazi niliyemrithi alikufa msichana. Mchana mmoja alikuwa anatwanga mahindi, akasikia anaitwa kutoka bondeni, kule wanakochota maji, sauti ya mama yake kabisa. Akaitika "Abee!", akaweka mchi chini, akaenda. Mama yake wala hakuwa bondeni, alikuwa jikoni anapuliza moto. Msichana akarudi anacheka, anasema hakumkuta mtu. Wiki haikuisha, wakamzika. Aliyenisimulia haya ni mdogo wake, shangazi yangu mwingine, ambaye mpaka leo yuko Lusewa na jembe lake. Kila aliponisimulia alinishika sikio akalisokota: "Wewe usiitike. Umesikia? Mpaka umwone!"

Shuleni niliogopa kidogo tu, kwa sababu tulikuwa wengi. Enzi zile Tabu walijaa. Kulikuwa na Tabu mrefu, Tabu wa sokoni, Tabu mapengo. Mwalimu akilitaja jina, darasa linavuma "Abee!" kona zote. Nilijisemea, huyo anayemtafuta Tabu atamjuaje ni yupi?

Halafu wakaanza kupungua. Mmoja alibatizwa, akalitupa. Mwingine mumewe alikataa kuishi na jina lenye mkosi, akambadilishia. Wengine tumewazika. Siku hizi nenda kliniki, kaa kwenye benchi asubuhi nzima, umsikilize nesi anavyoita watoto: wote ni neema, ni baraka, ni utukufu, tena kwa Kiingereza. Tabu hulisikii. Nilikuwa nakaa kwenye benchi lile, najiona kama mtaa mzima umezima taa na nyumba yangu peke yake ndiyo bado inawaka.

Kilichonipeleka kliniki ni mjukuu wangu. Binti yangu alipojifungua, mume wake, ofisa aliyehamishiwa huku kutoka kanda ya ziwa, alikuwa tayari na jina zuri la kwenye cheti. Mtoto hakuwa na habari nalo. Alilia mpaka sauti ikakauka. Ziwa akiwekewa anageuza uso. Daktari alimpima, akasema haoni ugonjwa. Utosi ukaanza kubonyea, na binti yangu akaanza kunitazama. Nikampigia shangazi wa Lusewa.

Akaja na basi la asubuhi. Mkwe wangu akampa shikamoo, akakaa pembeni na simu yake, adabu tele, imani hana. Shangazi akamketisha binti yangu kwenye mkeka na kuanza kutaja. Bibi fulani. Babu fulani. Yule aliyepotelea migodini. Mtoto analia. Akamtaja hata mlevi wa ukoo aliyelala njiani asiamke. Mtoto analia tu. Mwisho bibi wa watu alichoka, koo limekauka, akanigeukia:

"Tabu, nipe maji ya kunywa."

Kilio kikakatika. Mtoto akalishika ziwa, akanyonya mpaka tukasikia anavyomeza.

Hakuna aliyenyanyuka kufuata maji. Shangazi akajaribu jina lingine, mtoto akaachia ziwa na kulia. Akasema taratibu, "Tabu." Akanyonya.

"Mama, alikuwa amechoka tu huyu," mkwe wangu akasema, ila simu alikuwa ameiweka chini.

"Shangazi," nikauliza, "si wanatajwa waliokufa?"

"Ndiyo."

"Sasa mimi nimekufa lini?"

Angecheka ningepona. Hakucheka. Alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu, kama anayehakikisha, akasema labda ni yule wa kabla yangu, dada yake, amekuja kulifuata jina lake. Ila majina mawili ya namna hiyo hayakai nyumba moja. Mmoja aliachie. Nikamwangalia yule mtoto na utosi wake uliobonyea. Jamani, ungefanyaje? Nikaliachia.

Toka siku hiyo nikawa Bibi. Mkwe akawa ananiita Bibi, binti yangu Bibi, hata majirani wakafuata. Mtoto akanenepa. Na mimi, nisiseme uongo, nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Lakini kuna asubuhi nilikuwa napita mbele ya kioo na kusimama, nasubiri kitu, sijui nini. Mtu asiyeitwa kwa jina lake anaanza kutembea humo ndani polepole, anagusagusa ukuta.

Mtoto alipoanza kutembea, mama yake akamfundisha adabu: ukiitwa sema abee. Nikamwambia bado mdogo, amwache. Akasema, "Bibi, na wewe! Unataka akue na maringo kama yako?" Wakacheka, yeye na mumewe. Hapo ndipo nilipopaswa kupiga kelele.

Mwezi uliopita, mchana, jua limesimama utosini, nilikuwa uani nageuza mahindi yaliyoanikwa. Mtoto alikuwa kwenye jamvi anachezea magunzi. Mama yake alikuwa kazini Peramiho, asubuhi alikuwa amepanda hiace mbele ya macho yangu. Kuku walikuwa wanaparua, wakaacha. Kutoka nyuma ya migomba, kule bondeni, binti yangu akaita:

"Tabu! Wee Tabu!"

Sauti yake kabisa, na ule mvuto wake wa mwishoni. Ulimi wangu ukalala, kama ulivyozoeshwa. Lakini mtoto aliinua uso wote unacheka, akasema, "Abee!" Akasimama, akaanza kwenda.

Sikumbuki nilivyofika. Nilikuwa nimemkumbatia, mahindi yamemwagika, na sauti ikaita tena, karibu zaidi. Mtoto akafungua mdomo. Nikamziba kwa kiganja, na mimi, ambaye maisha yangu yote sijaitika nisiyemwona, nikapaza sauti mpaka kifua kikauma:

"Abee! Tabu ni mimi! Mimi hapa, mkubwa! Huyu mtoto hahusiki!"

Migomba haikutikisika. Kuku wakarudi kuparua.

Jioni binti yangu aliposhuka, nilimwambia wao wamwite mtoto jina la cheti, na mimi wanirudishie langu. Alitaka kucheka, akaniona uso, akaacha. Shangazi nilimpigia. Akauliza kama nina homa. Sina, nikamwambia. Bado.

Mtoto analikubali lile la cheti siku hizi, ananyamaza nalo. Ila hili la zamani akilisikia bado anageuza kichwa, mdomo tayari. Kwa hiyo nimekuwa mwepesi. Majirani wanashangaa nimepona ukiziwi. Akiniita yeyote, barabarani, dukani, nyuma ya ukuta, simuulizi ni nani. Naitika upesi, kabla mtoto hajaniwahi.