Indiketa ya Kushoto Njia Panda ya Kwamsisi

(Mwenye kisa hiki ni bibi yetu wa Handeni. Jina lake linabaki kwetu. Msome taratibu kabla hamjamjibu.)

Habari zenu wanangu. Nina miaka sabini na nne na nimefiwa na mume mwaka huu. Anayeandika ni mjukuu wangu, mimi nasema tu. Nimemwambia asiongeze machozi, maana sijalia. Watu walikuja msibani wakanishika mabega wanibembeleze, nikawa nawauliza kama wameshakula.

Mume wangu alikuwa muuzaji katika duka la kijiji, enzi za ujamaa. Kabla ya hapo tulikaa shambani kwetu upande wa Kwedizinga, kila mtu na kichaka chake, jirani humwoni mpaka umfuate. Ikaja amri ya kuhamia kijijini. Tukajenga kwa mstari kando ya barabara, mlango wa huyu unautazama mlango wa yule, na wote tunaiona njia panda pale mbele. Ukinyoosha unakwenda Korogwe. Ukikata kushoto unakwenda Kwamsisi.

Wakati huohuo wazungu wa shamba la mkonge walikuwa wanaondoka, na mmoja wao akamuuzia mume wangu pikipiki. Ilikuwa kuukuu, haina hata taa ya nyuma. Mume wangu aliipenda kuliko nilivyowahi kuona mtu akipenda kitu. Akaipaka tangi rangi nyekundu, akafunga vioo viwili vya pembeni na utepe kwenye usukani. Kisha akaenda kwa fundi mmoja Old Korogwe aliyekuwa na gari bovu uani, wakazing'oa indiketa za lile gari wakazifunga kwenye pikipiki. Hakuna aliyekuwa na kitu kama kile huku kwetu. Watoto walikuwa wanakimbia nyuma yake waone taa inavyopepesa.

Na mimi nilitia mkono wangu. Siti ilikuwa imechanika, sponji linatoka nje. Nikatafuta ngozi ya plastiki nyekundu, nikaishona kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi wa katani, pembeni nikaning'iniza vishada vyeupe. Vidole vilivimba. Aliitazama akasema, "Imekaa vizuri." Basi. Kwa mtu kama yeye hayo yalikuwa maneno mengi, na mimi nilifurahi sana, sitaki kudanganya.

Sasa sikilizeni. Akitoka aliniaga, "Mama, nakwenda Korogwe kufuata mzigo wa duka." Nami nasimama mlangoni. Akifika njia panda, taa ya kushoto inapepesa, anakata kushoto. Barabarani hakuna gari, hakuna baiskeli, nyuma yake kuna kuku tu. Lakini zile taa alizipenda mno, hakuweza kukata kona bila kuziwasha. Angekata kimyakimya, nani angeangalia? Taa ndiyo iliyotuinua vichwa, mstari mzima. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa anapeta mahindi, akaniuliza bila kunitazama, "Mwenzangu, siku hizi Korogwe imehamia kushoto?" Wanawake wakacheka. Nikacheka nao, nikaingia ndani nikakaa juu ya gunia, nikakaa tu, mpaka mboga ikaungua.

Kwamsisi kulikuwa na mwanamke. Hakumwoa. Sikumuuliza kitu, naye hakusema kitu, na maisha yetu yote tumeyaishi hivyo, tukizaa, tukilima, tukizeeka. Pikipiki ilikufa zamani, ikabaki bandani chini ya turubai. Kila alipoifuta vumbi, mimi niliondoka pale.

Baada ya arobaini alikuja mtu mzima, ana mvi, ni fundi pikipiki. Alisimama nje mpaka nilipomkaribisha. "Shikamoo mama." Nikaitika. Sura ilikuwa ileile ya marehemu, hakuhitaji kujitambulisha. Akasema hataki shamba wala nyumba. Anaomba pikipiki tu, aitengeneze, aing'arishe, aiwekee indiketa mpya pale zilipovunjika. Akasema, "Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa kwenye kona ya kwetu, nikiona taa inapepesa najua baba amefika."

Nikampeleka bandani. Akafunua turubai, akaipapasa siti. Vishada vimekuwa vya kahawia sasa, lakini uzi wangu haujaachia hata mahali pamoja. Akatabasamu akasema, "Hii siti baba alituambia aliinunua Korogwe."

Nilimuuliza kama anaweka sukari kwenye chai.

Mwanangu mkubwa amekasirika. Anasema, "Mama, ukimpa huyo, umetudhalilisha." Shehe tulimuuliza, akasema mtoto wa nje harithi kwa baba, ila sisi tukitaka kumpa kwa hiari yetu hakuna dhambi. Watoto wangu wameniachia niamue, na Ijumaa yule mtu anarudi kusikia jibu.

Wanangu, mimi simchukii. Natafuta chuki siioni, natafuta huruma siioni. Nikimnyima, namnyima mtu aliyekaa kwenye kona akimngoja baba yake, naye hajanikosea. Nikimpa, itapita tena barabara hii inameremeta, na watu watasema ona pikipiki ya marehemu.

Taa azichukue, zilikuwa zinamwakia yeye. Ila siti nilishona mimi. Jana niliingia bandani na kisu, nikakaa karibu nayo, nikashindwa kukata hata uzi mmoja. Nyinyi mngekuwa mimi, Ijumaa mngempa ikiwa na siti au bila siti? Niambieni, nitasomewa yote.