Profesa na Zile Eksi Tatu

Watu wanamwita Profesa, na shahada yake ni tai. Tai moja, ya kahawia, ina doa la chai kifuani. Miaka kumi na mbili anafungua meza kwenye korido ya benki, anapanga kalamu nne kama daktari wa upasuaji, anasubiri wanaoogopa fomu awajazie kwa malipo. Yeye mwenyewe hajawahi kutuma hata senti ng'ambo.

Fundi cherehani mmoja, mwanamke, haogopi fomu. Jumanne ile alikuwa na haraka tu. Mdogo wake kapata nafasi ya unesi chuo cha nje, na ada isipofika Ijumaa ya wiki inayofuata, nafasi anapewa mwingine. Akampa Profesa karatasi ya chuo: akaunti, na namba ya swifti, ile inayoonyesha pesa inakwenda benki gani. Mwisho wake eksi tatu.

Profesa akacheka puani. "Wavivu hawa. Wameacha nafasi wazi. Hapa linajazwa tawi."

"Tawi lipi?"

"Letu hili. Dada, nani msomi hapa?"

Akafuta eksi, akaandika 014, akachukua chake.

Jumatano ya wiki iliyofuata pesa ikarudi, imeliwa makato kwenda na kurudi. Dada wa dirishani akaitazama fomu kama soksi chafu.

"Eksi tatu ni makao makuu ya benki yao. Haziguswi. Nani kakujazia?"

Fundi akaonyesha kwa kidevu.

"Huyo tena," dada akasema. "Haya, tukituma leo kwa haraka, itawahi. Ila ada haitimii."

Fundi akaenda kusimama pembeni ya meza ya Profesa. Hakupiga kelele. Kila mteja aliyekuja, Fundi alimwambia, "Karibu, mzee. Huyu ndiye aliyenipotezea ada ya mdogo wangu." Wa tatu alipogeuza njia, tai ikaanza kulowa jasho.

"Dada, tuongee kistaarabu."

"Lipa kistaarabu."

Profesa akatoa noti kwenye soksi, moja moja, anaziaga. Fundi akajaza fomu mwenyewe, eksi tatu kazikandamiza mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Ijumaa mchana simu ikalia mfukoni mwa aproni. "Imeingia, dada. Wamenisajili."

Na Profesa? Yuko palepale, na tai yake. Juzi kasikika akimwambia mama mmoja, macho kafumba nusu kama kavumbua yeye, "Eksi haziguswi, mama. Hayo ni makao makuu." Halafu akamtoza pesa zaidi, ya ushauri.